Picha ya Popi: namna ya kuokoa picha zetu za zamani

Toleo hili sitaandika habari za viza wala ada. Nataka tuongelee zile picha za karatasi tulizokuja nazo Toronto, ambazo wengi wetu tumeshasahau kwamba tunazo.

Yangu niliikuta ndani ya bahasha ya vyeti, imegandana na plastiki. Ni picha ya Popi, mbwa wetu wa Moshi. Ilipigwa mwaka 2003 na mpiga picha wa kupita mitaani, mkanda ukasafishwa studio, akatuletea wiki iliyofuata. Popi, sikio moja limechanika kwa ugomvi na mbwa wa jirani, amekaa miguuni pa bibi. Bibi anacheka. Alifariki mwaka 2009, na picha nyingine pekee aliyotuachia ni ya paspoti saizi, kakunja uso. Mkanda wenyewe hakuna ajuaye ulikokwenda. Karatasi hii ikiharibika, kicheko cha bibi nacho basi.

Kwa nini zinaharibika? Picha ya rangi ya miaka ile ina tabaka tatu: njano, waridi iliyokolea na buluu. Kila moja hufifia kwa kasi yake, ndiyo maana picha za zamani hugeuka nyekundu nyekundu au njano. Mwanga, joto na unyevu huzidisha kasi hiyo. Juu ya karatasi kuna utando wa jelatini, ambao ukipata unyevu hulainika na kunata. Na plastiki ya PVC, ile laini yenye harufu, hutoa kemikali zinazoidhuru picha.

Sasa tufanye nini?

1. Usivute. Picha iliyoganda ukiivuta, rangi inabaki kwenye plastiki. Iskani kwanza ilivyo. Yangu nimeiskani ikiwa bado ndani ya plastiki, na imeonekana vizuri tu. Kama ina thamani kubwa kwako, kuitenganisha mwachie mtaalamu wa kuhifadhi picha.

2. Iskani kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 itakupa pikseli 2,400 kwa 3,600, yaani zaidi ya milioni nane. Ukiihifadhi kama TIFF ni kama megabaiti 26. Huna skana? Toronto Public Library wanazo kwenye vituo vyao vya teknolojia, pamoja na pale Toronto Reference Library, Yonge Street, na kadi ya maktaba ni bure kwa anayesoma mjini hapa.

3. Akili bandia iwe na mipaka. Nilijaribu programu moja ya kurekebisha picha. Rangi ilirudi, lakini Popi akapewa sikio zima! Programu haikumbuki, inabuni tu. Faili ya kwanza usiiguse, chezea nakala.

4. Weka nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na moja mbali kabisa, kwa mfano kwa dada yako Arusha. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana ukituma kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora.

5. Karatasi yenyewe usiitupe. Ishike kingo, iweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi au mfuko wa polipropilini, kabatini, mbali na hita na dirisha. Wenzetu wa besimenti, iwekeni juu: mafuriko ya Julai 2024 yaliingia besimenti nyingi za jiji hili.

6. Piga simu nyumbani. Hili ndilo la haraka kuliko yote. Skana haijui aliyepigwa ni nani wala alikuwa anacheka nini. Mimi nilimuuliza mama, akaniambia bibi alikuwa anamcheka mpiga picha, aliyekuwa anambembeleza Popi asitikise mkia. Andika majina, mahali na mwaka juu ya bahasha kwa penseli, na kwenye jina la faili pia.

Jamani, rangi zinafifia taratibu, lakini wazee wetu hawangoji. Wikiendi hii fungua ile bahasha ya vyeti, uone umekuja na nani.