Deni la Mwenye Kuku

Katika nyumba nyingi za mashambani nchini Tanzania hufugwa kuku, na mwenye nyumba akitaka chumvi au daftari la mtoto, huuza mmoja. Ufugaji huo hautaki fedha nyingi: kuku hujitafutia chakula, huatamia mayai yake kwa siku 21, na vifaranga humfuata mama yao. Lakini mtu akitaka kufuga kuku 100 wa mayai bandani, hana budi kununua vifaranga, chakula na dawa kabla hajapata hata senti moja. Basi huenda kukopa. Na hapo twaona jambo la ajabu: mkopo mmoja humpa mtu faida, na mwingine ulio sawa nao humfilisi.

Haya, tufanye hesabu. Kuku wa mayai huanza kutaga afikapo umri wa majuma 18 hadi 20, yaani karibu miezi 5. Katika muda huo hula kilo 7 hivi za chakula, wala hamrudishii mwenyewe kitu. Kuku 100, basi, hula kilo 700, nazo ni mifuko 14 ya kilo 50. Tuseme mama mmoja amekopa fedha za kununua vifaranga na mifuko ile, akaagana na mkopeshaji kulipa kwa miezi 6, kila mwezi fungu moja pamoja na riba. Fungu la kwanza hudaiwa kuku wangali wadogo. La pili vivyo hivyo, na la tatu, na la nne. Atoe wapi fedha? Huzitoa katika fedha za chakula. Kuku wakipunjwa chakula hudumaa, na kutaga kwao huchelewa. Mwezi wa nne mdai akibisha hodi, mama yule huuza mitetea 30 kwa bei ya nyama, nao walibakiza majuma machache tu watage. Fungu limelipwa, lakini sasa kuku 70 wanabeba deni la kuku 100.

Kama mkopeshaji angalikubali kungoja mpaka mwezi wa sita, kisha apokee kidogo kidogo kwa mwaka mzima, deni lile lile lingalilipwa kwa mayai. Watu wengi wakopapo huuliza riba tu; siku ya kuanza kulipa hawaiulizi. Kuku wa nyama huuzwa kwa majuma 6 hivi, kwa hiyo yeye aweza kulipa deni fupi, mradi mnunuzi awepo. Asipopatikana, kila siku ya kungoja hula faida.

Je, mbona benki huogopa kumngoja mfugaji? Benki hutaka rehani, na kuku si rehani njema. Uko ugonjwa uitwao kideri, au mdondo, ambao Waingereza waliupa jina la mji wao wa Newcastle, ulikotambuliwa mwaka 1926. Katika kundi lisilochanjwa huweza kuua karibu kuku wote kwa siku chache, na deni hubaki pale pale. Dawa ya kuuponya hakuna. Kinga ipo, nayo ni rahisi: tone moja la chanjo katika jicho la kila kuku mzima, na kurudia kila miezi 3.

Kwa hiyo wafugaji wengi hukopa katika vikundi vya akiba. Mwaka 1991 vikundi vya namna hii vilianzishwa na wanawake wa Niger kwa msaada wa shirika la CARE, vikaenea katika nchi nyingi za Afrika. Wanachama hukutana na kununua hisa, na fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na watu watatu mbalimbali. Riba hugawanywa kwa wanachama wenyewe. Ni kweli fedha za sanduku ni chache, na mifuko 14 yaweza kulishinda. Lakini wakopeshaji hawa ni majirani: waweza kuingia bandani, kuhesabu kuku, na kuuliza walichanjwa lini. Mwenye kuku wa mayai aweza kuwaomba aanze kulipa siku atakapookota trei ya kwanza. Wakikubali, yafaa waandike katika daftari siku vifaranga walipoingia bandani, na malipo yahesabiwe tangu juma la 20.