Chonga Ngalawa, Uelewe Methali

Wengi wetu huandika katika insha, "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Lakini tukiulizwa omo ni wapi, kimya! Dawa ni kuchonga kingalawa.

Anayeanza asijaribu jahazi. Jahazi huanzia mkuku, yakafuata mataruma na mbao. Ngalawa ni gogo moja tu. Tafuta kipande cha mwembe, urefu wa rula ya sentimita 30. Chonga nje kwanza: mbele ndiyo omo, nyuma ndiyo tezi. Kisha komba ndani polepole kwa patasi. Humo tumboni, maji yanamojikusanya, ndimo ngamani. Usikombe sana, kitatoboka!

Kitie majini. Kikilalia upande mmoja, upunguze upande huo. Halafu funga mirengu miwili, na nchani mwake vibao vya kuelea, kimoja huku na kimoja huku. Hivyo ndivyo huizuia ngalawa isipinduke upepo ukishika tanga. Mwisho simamisha mlingoti, foromali na tanga la kitambaa chepesi.

Kijaribu ufuoni Shelly, hapa Likoni, mbali na njia ya feri. Kikirudi na ngama kavu, hongera nahodha! Na mtihanini, methali hiyo haitakushinda.