Umesevu Makala Kibao na Hujazisoma? Hivi Ndivyo Unavyoweza Kujitengenezea Mfumo wa Kusoma Kidogo Kidogo Ndani ya Emacs

Hebu fungua simu yako uangalie makala ulizosevu ukisema "nitasoma baadaye". Ziko ngapi? Na hizo chache ulizosoma mwezi uliopita, unakumbuka nini?

Wengi wetu tuna matatizo mawili hapo. Tunakusanya kuliko tunavyosoma, na tukisoma tunasahau. Kwa mwanafunzi au mtu anayejifunza kazi mpya, hiyo ni hasara kweli: muda umetumika, bando limeisha, kichwani hakuna kitu.

Ipo njia ya kupambana na hali hii. Inaitwa kusoma kwa awamu, na unaweza kuijenga mwenyewe ndani ya programu ya bure.

Kusoma kwa awamu ni nini?

Njia hii ilianzishwa na Piotr Woźniak wa Poland, mtu aliyetengeneza programu ya SuperMemo mwaka 1987. Badala ya kumaliza makala moja ndipo uanze nyingine, unasoma nyingi kwa zamu. Leo unasoma aya mbili za hii, aya tatu za ile. Ukichoka unaiacha, na mfumo unakurudishia siku nyingine.

Ukikutana na sehemu muhimu, unaikata iwe kipande kinachojitegemea. Kipande hicho nacho kinarudi siku yake, unakipunguza tena, na mwisho kinabaki swali dogo la kujipima. Yaani makala ya kurasa 10 inaweza kuishia kuwa maswali matano tu, lakini matano unayoyakumbuka.

Kwa nini Emacs?

Emacs ni programu ya kuandikia maandishi kwenye kompyuta. Ilianza mwaka 1976 katika chuo cha MIT, Marekani, na toleo la GNU linalotumika sana leo lilitolewa na Richard Stallman mwaka 1985.

Tofauti yake na programu nyingine ni kwamba unaweza kuifundisha kazi mpya. Unaandika maagizo kwa lugha iitwayo Emacs Lisp, na hapohapo programu inapata amri ambayo haikuwa nayo. Ndani yake kuna pia Org, sehemu ya kupanga maandishi na ratiba iliyoanzishwa na Carsten Dominik mwaka 2003. Org tayari inajua vichwa vya habari, tarehe na viungo, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika.

Ujenzi wenyewe: faili moja, amri nne

Anza na faili moja la Org. Kila makala iwe kichwa kinachoanza na nyota. Chini ya kichwa weka mambo matatu: tarehe ya kurudi, idadi ya siku za kusubiri, na namba ya kipaumbele. Amri ya org-schedule inaweka tarehe, na org-entry-put inaandika hizo namba. Kisha tengeneza amri zako nne.

*1. Inayofuata.* Amri hii inapita kwenye vichwa vyote, inachukua vile ambavyo tarehe yake imefika, inavipanga kwa kipaumbele na kukufungulia cha kwanza. Kupita kwenye vichwa ni kazi ya org-map-entries. Wewe unaongeza kupanga tu.

*2. Kata.* Unachagua sentensi muhimu, unabonyeza kitufe. Maandishi yananakiliwa kwenye kichwa kipya chini ya makala mama, yakiwa na tarehe yake na kiungo cha kurudi yalikotoka. Usiruke hicho kiungo. Baada ya miezi miwili utakuta kipande ambacho hukielewi, na bila kiungo hutajua kilitoka wapi.

*3. Ahirisha.* Amri hii inaweka alama pale ulipoishia na kuongeza siku za kusubiri. Njia rahisi ni kuzidisha mara mbili: siku 1, 2, 4, 8, 16. Makala isiyokuvutia inasogea mbali yenyewe, bila wewe kujilaumu.

*4. Uliza.* Inageuza kipande kuwa swali kwa kuficha neno moja. Chukua sentensi hii: "Malaria huenezwa na mbu jike aina ya Anofelesi." Ficha neno la mwisho, umepata swali.

Maswali yana ratiba yake

Kwa maswali, usitumie kuzidisha kwa mbili. Tumia hesabu ya zamani ya SuperMemo iitwayo SM-2, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Ukijibu sawa, swali linarudi baada ya siku 1, kisha siku 6. Baada ya hapo muda unazidishwa kwa namba inayoanzia 2.5, hivyo siku 6 zinakuwa 15. Ukijibu kwa shida namba hiyo inashuka, lakini haipungui 1.3. Ukikosa kabisa, muda unaanza upya.

Kama hutaki kuandika sehemu hii, kuna nyongeza za bure kama org-drill na org-fc zinazosimamia maswali ndani ya Org. Wewe unabaki na kazi ya kusoma na kukata.

Mahali watu wanapokwama

Kwanza, kujaza. Ukiingiza makala 20 kwa siku na kusoma tano, hakuna mfumo utakaokuokoa. Ndiyo maana kipaumbele kipo: soma za juu, zilizobaki zisogezwe kesho. Na usiogope kufuta. Makala uliyoisogeza mara nne bila kuigusa inakuambia kitu.

Pili, kukariri usichokielewa. Woźniak mwenyewe anaonya jambo hili katika kanuni zake za kuandaa maswali: elewa kwanza, kariri baadaye. Kama kipande hakieleweki, rudi kwenye makala mama.

Tatu, kujenga bila kusoma. Emacs ina utamu wake; unaweza kumaliza wiki nzima ukirekebisha rangi na vitufe. Amri ya kwanza na ya tatu zikifanya kazi, anza kusoma. Nyingine zitafuata.

Na kwenye simu je?

Emacs 30, iliyotoka Februari 2025, ndiyo ya kwanza kuja rasmi na uwezo wa kufanya kazi kwenye Android. Lakini vitufe vyake vilitengenezwa kwa ajili ya kibodi ya kompyuta, hivyo kwenye skrini ndogo inasumbua. Ni rahisi zaidi kujenga na kukata kwenye kompyuta, halafu kusoma faili kwenye simu.

Hilo linawezekana kwa sababu faili la Org ni maandishi ya kawaida. Programu yoyote ya maandishi inalifungua, na hata ukiachana na Emacs kesho, vipande vyako vyote utaondoka navyo. Ila weka nakala mahali pengine, maana simu huibiwa na kompyuta hufa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Unayoyasoma ni mali pia. Leo chagua makala tatu tu kati ya ulizosevu, zipe tarehe, na anza na aya mbili.