Kiungo cha tovuti ni kama barua ya mchungaji



Makanisa kadhaa ya kwetu yamekwisha kufungua tovuti. Kijana wa kwaya anaitengeneza, picha ya jengo inawekwa, saa za ibada zinaandikwa. Kisha wazee wanauliza: mbona mtu akiandika jina la kanisa letu katika Google, hatuonekani, au tuko chini kabisa? Swali hilo si la fahari. Tangu mapigano ya Djugu yalipoanza mwishoni mwa 2017, watu wetu wametawanyika. Mwaka 2018 maelfu walivuka Ziwa Albert, na wengi walipokelewa katika kambi ya Kyangwali huko Uganda. Mshiriki aliye kule akitafuta kwa simu kanisa lake linakusanyika wapi sasa, anakutana na habari za vita tu. Sisi wenyewe hatumo.

Ndipo anatokea mtu mwenye ahadi: nipeni dola mia moja, nitawaletea viungo elfu moja, mtakuwa wa kwanza. Ninawaomba wazee wasitoe sadaka ya watu kwa kazi hiyo. Mimi nilisoma theolojia, si informatika, lakini jambo hili linaeleweka.

Kiungo ni yale maneno ambayo ukiyagusa yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianzisha Google mwaka 1998 juu ya wazo walilolitoa katika desturi ya wasomi. Mwandishi hutaja maandiko ya wenzake, na andiko linalotajwa na wengi huhesabiwa kuwa la maana. Nao wakaona kwamba tovuti inayoweka kiungo cha kuja kwako imekushuhudia. Lakini hawakuhesabu idadi peke yake. Walipima na shahidi: ukurasa ambao wenyewe umeshuhudiwa na wengi, neno lake lina uzito zaidi. Leo Google inatazama mambo mengine mengi, ila viungo bado vimo.

Sisi tunalijua hili. Mshiriki akihama kutoka Aru kuja Bunia, analeta barua ya mchungaji wake. Tunatazama saini na muhuri, tunauliza kama mchungaji huyo anafahamika. Barua moja yake inatosha. Barua hamsini zilizotengenezwa kwenye duka la fotokopi zingemtia mashakani tu. Paulo naye alimtambulisha Febe kwa Warumi kwa maneno machache, na yalitosha kwa sababu ya aliyeyaandika.

Barua za dukani Google inazijua. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifunua kwamba kampuni ya maduka ya J.C. Penney ilikuwa imepanda juu kwa msaada wa maelfu ya viungo vilivyowekwa kwenye tovuti zisizohusiana na biashara yake. Google ikaishusha. Kampuni ilisema haikuviagiza, ikaachana na waliokuwa wakiifanyia kazi hiyo, lakini ilikuwa imekwisha kushuka. Aprili 2012 Google ilibadilisha hesabu yake kwa ajili ya hila hiyo hasa. Siku hizi mara nyingi inaviacha tu viungo vya kununuliwa bila kuvihesabu, maana yake dola mia zimepotea kimya.

Basi kiungo cha kweli kinapatikanaje? Kwanza kuwe na kitu cha kuunganishwa. Matangazo yetu karibu yote yanafia katika vikundi vya WhatsApp, ambako Google haiingii wala mwandishi wa redio hawezi kuelekeza wasikilizaji. Tarehe za mkutano, mahali pa ibada kwa waliohama, majina ya walimu wa kwanza wa kituo chenu na picha zao za zamani: wekeni kwenye ukurasa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Shalom hapa Bunia anayeandika kazi yake ya mwisho anazitafuta habari hizo. Kamusi ya wasifu wa Wakristo wa Afrika, iliyoanza 1995 na kujulikana mtandaoni kama DACB, inapokea maisha ya watumishi wetu yakiandikwa vizuri. (Wikipedia nayo inafaa kwa wasomaji, lakini tangu 2007 viungo vyake vya kwenda nje vina alama inayoiambia Google isivihesabu.)

Pili, ombeni. Makanisa rafiki ya ng'ambo huandika juu ya kazi yenu na kutaja jina lenu bila kiungo. Barua ya mistari mitatu inatosha. Ombeni pia hospitali, shule na ofisi ya jumuiya yenu, palipo na uhusiano wa kweli. Kupeana viungo ovyo, nipe nikupe, Google inakuhesabu kuwa hila. Na chombo chake cha bure kiitwacho Search Console kitawaonyesha ni nani anayewashuhudia. Mabadiliko yatachukua miezi.

Kabla ya yote hayo, mweka hazina alipe jina la tovuti kila mwaka kwa wakati. Likiachwa, mtu mwingine anaweza kulinunua, na viungo vyote mlivyopata vitapeleka watu kwake.