Dawa za Mitishamba na Njia ya Kumfikia Mgonjwa

Andiko la mradi wa kutafuta dawa za vimelea kwenye mitishamba aghalabu huahidi mengi kwa miaka michache. Kwanza waganga wa tiba asili wahojiwe na miti iorodheshwe, kisha magome na mizizi yapimwe maabara, na mwisho ipatikane dawa ya kumkinga mgonjwa wa saratani dhidi ya maambukizi. Kwa watu wa Jorodom, huku Hanang, si ahadi ndogo. Tiba kemia hushusha seli nyeupe za damu, mara nyingi wiki moja hadi mbili baada ya dozi, na siku hizo homa ya nyuzi 38 ni dharura.

Kinachojengwa mapema ni kinachoonekana: kitalu cha mwarobaini na mlonge, banda la kukaushia. Maabara nayo hukamilisha sehemu yake. Dondoo la mmea huwekwa kwenye sahani yenye bakteria, duara ambamo bakteria hawakuota hupimwa kwa milimita, ripoti ikatoka.

Wengi huhesabu kazi imekwisha hapo, nami naona ukomo huo umewekwa mapema mno. Kilichozuia bakteria kwenye sahani huenda kisifike kwenye damu kwa kiasi cha kutosha, au kikataka dozi ya kudhuru ini. Unga wa mizizi unaweza wenyewe kubeba ukungu, hatari kubwa kwa mtu asiye na kinga. Mimea mingine huvuruga kazi ya dawa za saratani. Kipimo, usalama na majaribio kwa binadamu ndiyo hubaki viporo.

Gharama hupanda bila mtu kuiba. Vitendanishi huagizwa nje, vibali huchelewa, na magome ya masika hayalingani nguvu na ya kiangazi, hivyo vipimo hurudiwa. Hatua ya wagonjwa, ghali kuliko zote, imepangwa mwisho, fedha zikiwa zimepungua.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inautambua uganga, lakini jani la kitaluni halijawa dawa iliyothibitishwa. Mwenye homa bado anahitaji antibayotiki ndani ya saa moja tangu afike hospitali, na saa hiyo haijumuishi safari ya kwenye tope. Kipimajoto cha nyumbani na nauli ya dharura vingeweza kuingia kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza. Havihitaji kusubiri majibu ya maabara.