Je, Wajua? Udaga, Dagaa na Dhahabu: Uhandisi Kemikali Uko Mara Kitambo

Mtajie mtu uhandisi kemikali, mara moja atawaza koti jeupe na chupa zinazofuka moshi. Hiyo ni maabara. Mhandisi kemikali anaanzia pale maabara inapoishia, kijiko kinapogeuka tani. Shahada yake husomwa Dar es Salaam, lakini mifano ya masomo yake imejaa mwaloni Mwigobero, kwenye vinu vya pamba vya Bunda na jikoni kwa bibi kule Butiama. Twende mbiombio.

MLANGONI

1. Je, wajua mkemia na mhandisi kemikali ni watu wawili? Mkemia akipata gramu 100 za sabuni nzuri, kazi yake imekwisha. Ya mhandisi ndiyo kwanza inaanza: atengeneze tani 10 kwa siku, kila mche ufanane na mwenzake, mfanyakazi arudi nyumbani mzima, mto usichafuke na mwenye kiwanda apate faida. Hayo ndiyo malengo ya shahada nzima.

2. Fani hii ni changa. Mwaka 1887 Mwingereza George E. Davis alitoa mihadhara 12 mjini Manchester kuhusu kazi za viwanda vya kemikali. Mwaka uliofuata, chuo cha MIT nchini Marekani kikaanzisha kozi ya kwanza ya shahada.

3. Mwaka 1915 Mmarekani Arthur D. Little aliligundua jambo ambalo mama lishe yeyote angemwambia: mapishi ni mengi, vitendo ni vichache. Kiwanda cha bia, cha sukari na cha petroli vyote husaga, huchuja, hukausha, hukeneka na huchanganya. Ukivijua vitendo, kiwanda hakikutishi. Ndiyo maana mhitimu mmoja anaweza kuanzia kwenye maziwa akaishia mgodini.

4. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973. Leo hapo Mlimani uhandisi kemikali na michakato ni shahada ya miaka minne. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, huifundisha kwa miaka mitano. Mlango wake ni fizikia, kemia na hisabati, yaani PCM.

5. Wajua Musoma iliwahi kuamua nani aingie chuo kikuu? Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa ikapitisha Azimio la Musoma. Mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi, apimwe na wenzake kazini, ndipo aombe chuo. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, lakini wazo lake bado linaishi kwenye mafunzo kwa vitendo, ile PT ambayo wanafunzi wa uhandisi huifanya viwandani wakati wa likizo ndefu.

MWAKA WA KWANZA: MIZANI

6. Somo la kwanza halina mbwembwe: kilichoingia lazima kitoke, au kiwe kimebaki ndani. Chukua kilo 100 za dagaa wabichi, tuseme asilimia 75 ni maji. Vitu vikavu ni kilo 25, na haviendi popote. Ukianika mpaka maji yabaki asilimia 10, utapima kilo 28 hivi. Mchuuzi anayekuuzia kilo 35 kutoka kwenye mzigo huo anakuuzia maji. Au mchanga.

7. Ndugu wa mizani hiyo ni mizani ya nishati. Kuyafukuza hayo maji, kilo 72, kunahitaji joto sawa na uniti 48 za umeme. Mwaloni jua hutoa uniti hizo bure, bila Luku. Mvua ikinyesha siku tatu, bili inafika: dagaa wanaoza.

8. Pamba mbegu ya Bunda ikichambuliwa, takribani theluthi moja huwa nyuzi na theluthi mbili mbegu. Ndani ya mbegu, mafuta ni kama asilimia 18. Yanayobaki baada ya kukamua ni mashudu, chakula cha ng'ombe. Usisahau namba hizi, tutazirudia mwisho.

9. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, nayo imetoka hewani. Fritz Haber alionyesha njia maabara mwaka 1909. Carl Bosch na wenzake wakahangaika miaka minne kuifanya kiwanda, kikaanza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Hiyo miaka minne ya kuhangaika ndiyo uhandisi kemikali wenyewe.

MWAKA WA PILI: MAJI NA MOTO

10. Je, wajua maji ya Musoma huchemka kabla ya kufika nyuzi 100? Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Sufuria inatokota kwenye nyuzi 96. Maharage yaleyale yataiva Tanga mapema kuliko Musoma, na mpishi wa Musoma hana kosa.

11. Maji bombani yana tabia mbili: hupita kwa utulivu, au hujikoroga. Mwaka 1883 Osborne Reynolds alitia rangi kwenye maji akaona mpaka wa tabia hizo. Namba yenye jina lake ikiwa chini ya 2,300 hivi, maji yametulia. Bomba la mjini karibu lote liko juu mno ya hapo.

12. Maji ya ziwa yanayovutwa Mugango kwenda Kiabakari na Butiama hupanda mlima. Uniti moja ya umeme, kama pampu isingepoteza kitu, ingepandisha lita 3,600 hivi kwa mita 100. Pampu zote hupoteza. Kupunguza hasara hiyo ni ajira ya mtu.

13. Shabu haiui vijidudu. Chembe za tope majini husukumana kama watu waliogombana. Shabu huzipatanisha, zikashikana mabonge na kuzama. Kisha mchanga huchuja, na klorini humalizia. Shirika la Afya Duniani linataka miligramu 0.5 za klorini zibaki katika lita moja baada ya nusu saa, ili kuwe na mlinzi njiani mpaka kwenye ndoo yako.

14. Maziwa huwa salama yakipashwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Ongezeko la nyuzi 9 tu limeokoa karibu nusu saa nzima. Mwanafunzi akielewa kwa nini, amefaulu nusu ya somo la mwaka wa tatu.

MWAKA WA TATU: VITU VINAPOGEUKA

15. Sheria haitaki gongo, lakini mtambo wake ni somo la ukenekaji. Pombe huchemka nyuzi 78 na maji 100, hivyo mvuke hupanda na pombe nyingi kuliko ilivyokuwa chunguni. Hata hivyo, ukeneke mara mia, kwa njia hiyo hutavuka asilimia 96. Hapo mvuke na kimiminika vinalingana, na ujanja unakwisha.

16. Kilo moja ya mafuta ya pamba huhitaji takribani gramu 138 za kostiki soda ili yote yawe sabuni. Ukizidisha, mikono ya mfuaji itababuka. Ukipunguza, mche unabaki na mafuta. Anayepima kwa kikombe bila mizani anabahatisha ngozi za watu.

17. Mbegu ya pamba ina sumu ya rangi ya njano iitwayo gosipoli, inayoulinda mmea dhidi ya wadudu. Mafuta yake yakitoka kinuni huwa meusi na machungu. Husafishwa kwa kostiki soda ileile ya sabuni, ndipo yanafaa kwa chapati.

18. Sasa jikoni kwa bibi. Muhogo mchungu hauna sianidi huru, una kitu kiitwacho linamarini, na kando yake kimeng'enya cha kuivunja, kila kimoja chumba chake. Bibi akimenya na kuuvundika, kuta za vyumba zinaoza, viwili vinakutana, sianidi inazaliwa. Kisha anaanika, na sianidi, inayochemka kwenye nyuzi 26 tu, inapaa na upepo. Kilichobaki ni udaga. Kuvunja, kumeng'enya, kukausha: hatua tatu za kiwandani, na hakuna aliyemtunuku shahada.

19. Na akikatisha njia? Mwaka 1985, kipindi cha ukame, watu wa Tarime walikosa chakula kingine, wakala muhogo ambao haukupewa siku zake. Miguu ya watu ikapooza ghafla, isipone tena. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo, na watafiti waliufuatilia Tarime kwa miaka kadhaa. Siku chache za kuvundika na kuanika ndizo zilikuwa kipimo cha usalama.

20. Sianidi hiyohiyo ndiyo inayotoa dhahabu Nyamongo. Mwaka 1887 MacArthur na ndugu wawili Forrest, wa Glasgow, waligundua kwamba maji yenye sianidi kidogo, yakipata hewa, huyeyusha dhahabu na kuacha jiwe. Mgodi unaotafuta gramu chache ndani ya tani nzima ya mwamba hauna njia rahisi kuliko hiyo. Wachimbaji wadogo nao huitumia kwenye marudio yao, yaani mchanga waliokwisha kuuosha: kaboni huinasa dhahabu, ikishashiba hupelekwa elusheni, mtambo wa kuivua dhahabu hiyo.

21. Hapa sasa ndipo penye utamu. Bibi anataka sianidi ipae. Mgodi unataka ibaki majini, maana ikipaa inaua wafanyakazi na hela inapotea. Hivyo mgodi hutia chokaa mpaka pH ipite 10, na sianidi haigeuki gesi. Kitu kimoja, sheria moja ya kemia, na kila mmoja anaishika upande wake.

22. Buhemba, wilayani Butiama, dhahabu imechimbwa tangu enzi za mkoloni. Mchimbaji mdogo hunasa vumbi la dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma. Zebaki huchemka nyuzi 357 na kuingia kifuani mwa mchomaji. Mtambo uliofungwa wenye bomba la kupoza huirudisha kwenye kopo, itumike tena. Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki ulipitishwa mwaka 2013, Tanzania ikauridhia mwaka 2020.

23. Kwa nini pilau ya harusi huungua chini na juu ikabaki mbichi? Sufuria ukiikuza mara mbili kila upande, mchele unakuwa mara nane, lakini chuma kinachopitisha joto kinakuwa mara nne tu. Muda wa kupika wa nyumbani huwezi tena kuunakili. Viwanda vimelipuka kwa kusahau hesabu hii, kwa sababu joto lilizaliwa kwa nane likatoka kwa nne.

MWAKA WA NNE: KUBEBA DHAMANA

24. Mama anayefunga kidirisha cha jiko la mkaa mara asikiapo wali unanata anafanya udhibiti wa michakato: anapima, analinganisha, anarekebisha. Kiwandani masikio ni vipimajoto na mkono ni vali. Kosa la mgeni ni lilelile: kufungua sana, kisha kufunga sana.

25. Mwaka wa mwisho wanafunzi husanifu kiwanda kizima kwenye karatasi: malighafi itoke wapi, mabomba yapite wapi, maji taka yaende wapi, gharama zirudi lini. Wengi hujifunza hapo kwamba wazo zuri la kikemia linaweza kuuawa na bei ya usafiri kutoka Bunda hadi Mwanza.

26. Somo la usalama lina tarehe. Usiku wa kuamkia 3 Desemba 1984, gesi ya kiwanda cha viuatilifu cha Bhopal, India, iliua maelfu ya watu waliolala. Hapa Mara, Julai 2019 baraza la mazingira la taifa, NEMC, lilizuia matumizi ya bwawa la topesumu la mgodi wa North Mara kwa sababu ya maji kuvuja. Bwawa la masalia nalo ni sehemu ya kiwanda, linahitaji mhandisi kama kinu kinavyomhitaji.

27. Ukivaa joho, bado hujawa mhandisi mtaalamu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango uitwao SEAP, ulioanza mwaka 2003: mhitimu hufanya kazi miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, akiandika alichofanya. Ni kama Azimio la Musoma lililogeuzwa: zamani kazi kabla ya chuo, sasa kazi baada yake.

28. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na ndiye aliyekuwa Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970. Leo Butiama ina chuo kikuu chenye jina lake, cha kilimo na teknolojia. Vitu hivyo viwili vikioana, mtoto wao huitwa usindikaji.

KAZI YA NYUMBANI

Wewe wa Mara Sekondari, wa Musoma Tech, au uliyekwisha kuwa baba wa watoto watatu pale Bunda: tani moja ya pamba mbegu, endapo mafuta yote yatakamuliwa, itatoa kilo ngapi za mafuta? Namba zote ziko kwenye kipengele cha 8. Ukipata 120 hivi, mizani ya mwaka wa kwanza umeshaiweza. Usipopata, muulize bibi. Atakujibu kwa debe, wewe ubadilishe iwe kilo.