Kipya Kinyemi: Je, Mchezo Uliofufuliwa Waushinda wa Zamani?

Katika mtaa wa Kisenyi, chini ya kilima cha Mengo jijini Kampala, hakitupwi kitu kabla hakijatazamwa mara mbili. Chuma kilichotoka katika gari bovu hugeuzwa lango au jiko. Mota iliyoungua husukwa waya upya ikarudishwa katika kinu cha mahindi. Fundi hodari akiletewa kinu kikongwe haanzi kwa kukipaka rangi. Kwanza hukisikiliza, akapambanua kipi kimechoka na kipi kingali kizima. Akibadilisha kisichostahili kubadilishwa, kinu kitang'aa lakini unga hautashuka.

Busara hiyo yafaa itumike katika jambo jingine lililokwisha kuingia majumbani mwetu, kambini na uraiani vilevile. Jambo lenyewe ni michezo ya video, ambayo vijana huicheza katika simu na kompyuta, au katika vibanda vya mitaani ambako hulipia kila mchezo. Siku hizi makampuni yameshika desturi ya kuchukua mchezo wa kale uliopendwa, kuutengeneza upya kwa picha safi zaidi, na kuuuza mara ya pili kwa jina lilelile. Mtoto husikia sifa zake, akaja kwa baba au mama na ombi. Hapana budi mzazi ajiulize: je, ninanunua kitu kilicho bora kuliko cha kwanza, au ninalipia rangi tu?

NYOKA TULIYEMJUA SOTE

Tuanze na mchezo ambao hata wazazi waliucheza. Mwaka 1997 mhandisi wa Finland, Taneli Armanto, aliutia mchezo wa nyoka katika simu ya Nokia 6110. Nyoka yule wa vidoto vyeusi alienea duniani, na watu wengi wasiopata kugusa kompyuta walimjua kwa vidole vyao.

Lakini nyoka yule naye alikuwa mchezo uliofufuliwa. Asili yake ni Blockade, mchezo uliotolewa mwaka 1976 na kampuni ya Gremlin ya Marekani, ukichezwa katika sanduku kubwa linalotiwa sarafu. Humo walishindana wachezaji wawili, kila mmoja akiacha ukuta nyuma yake na kujaribu kumzingira mwenziwe. Watengenezaji waliofuata waliugeuza sana: mchezaji akawa mmoja, na adui akawa mkia wake mwenyewe, unaorefuka kila anapokula. Armanto akautosheleza katika kioo kidogo kisicho na rangi na vitufe vichache.

Mengi yalibadilika katika miaka hiyo, bali jambo moja halikuguswa: huwezi kusimama, na njia uliyopita ndiyo inayokuziba. Hiyo ndiyo roho ya mchezo. Nokia 3310 ilipotoka mwaka 2000, nyoka wake aliweza kupenya ukingo mmoja wa kioo na kutokea upande wa pili. Roho ilikuwa ileile. Mwaka 2017 simu hiyo yenyewe ilifufuliwa, pamoja na nyoka mpya wa rangi aliyetengenezwa na kampuni ya Gameloft. Wapo waliomfurahia, na wapo waliosema kuwa huyu si yule. Hata hivyo ni dhahiri kwamba kufufua si kosa kwa asili yake. Bila ya kufufua, nyoka asingalifika kamwe mikononi mwetu.

UKUNGU ULIOONDOLEWA

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 2004 kampuni ya Rockstar ilitoa Grand Theft Auto: San Andreas kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2. Humo mna miji mitatu na mashamba na jangwa kati yake, navyo vyote vilionekana kuwa nchi kubwa isiyo na mwisho. Sababu moja ya ukubwa huo ilikuwa udhaifu wa mashine. Haikuweza kuchora vitu vya mbali, kwa hiyo watengenezaji waliufunika upeo kwa ukungu. Mchezaji alipoendesha gari, mji ulimtokea kidogo kidogo kutoka katika ukungu huo, naye akasadiki kuwa amesafiri mbali.

Tarehe 11 Novemba 2021 mchezo huo ulirudi pamoja na nduguze wawili, ukiwa umetengenezwa upya kwa mashine za kisasa zenye nguvu nyingi. Ukungu ukaondolewa, kwa kuwa haukuhitajiwa tena. Mchezaji aliyepaa kwa ndege akaona miji yote kwa mara moja, imebanana kama vibanda vya soko, na nchi ile kubwa ikawa kiwanja kidogo. Aidha nyuso za watu zilikuwa zimeharibika, maneno katika mbao za maduka yalikosewa, na mvua ilikuwa kama mistari myeupe inayoziba macho. Malalamiko yalikuwa makubwa mno, hata tarehe 19 Novemba kampuni ikaomba radhi hadharani. Ilichukua miaka mitatu, hadi Novemba 2024, ndipo masahihisho makubwa yakatolewa, na mwanga wa zamani na ukungu vikarudishwa.

Kisa hiki kina mafunzo. Si kila upungufu wa kitu cha kale ni kasoro. Pengine upungufu huo ndio uliobeba uzuri wake, na anayeuondoa bila kuuelewa huondoa na uzuri.

KOSA KUBWA ZAIDI

Lipo kosa lililo kubwa kuliko kufufua vibaya, nalo ni kukifuta cha zamani. Kabla San Andreas mpya haijatoka, matoleo ya kale yaliondolewa katika maduka ya intaneti. Yalirudishwa kwa wanunuzi wa kompyuta baada ya kelele. Mchezo wa vita uitwao Warcraft III, uliotolewa mwaka 2002, ulipatwa na jambo zito zaidi. Ulipotengenezwa upya mwezi Januari 2020, hata wale ambao hawakununua mpya waliona mchezo wao wa zamani ukibadilishwa walipoucheza kwa njia ya mtandao, na baadhi ya mambo waliyoyazoea yakitoweka. Kampuni ya Blizzard ikalazimika kuwarudishia fedha wanunuzi walioudai.

Mtu akipika pilau mbaya, tunaweza kurudi kwa mpishi wa kwanza. Lakini akivunja na chungu cha kwanza, tutarudi wapi?

OMWESO HAUFUTIKI

Hapa Uganda tunao mchezo wetu wa kupimia hoja hii. Omweso, nduguye bao la pwani, una mashimo 32 katika safu nne na kete 64, kila mchezaji akianza na kete 32. Ulichezwa katika ikulu ya Kabaka, na hadi leo wazee huucheza vibarazani. Nao umekwisha kutiwa katika simu. Je, umepata au umepoteza?

Umepata, kwa sababu askari aliye mbali na nyumbani aweza kucheza usiku bila ya mwenzi, na mtoto asiyejua kanuni hufundishwa na mashine pasipo kuchekwa. Umepoteza pia. Mchezaji hodari wa omweso huhesabu kete kwa jicho, akajua kabla ya kuzishika zitaishia shimo gani. Simu inapomsambazia kete, jicho lake halipati kazi. Tena hakuna ule mzaha na maneno ya kumtia mpinzani wasiwasi, wala ile kasi ya mkono ambayo watazamaji huisimulia.

Hata hivyo omweso una kinga ambayo San Andreas haina. Hakuna kampuni inayoweza kuuondoa dukani. Askari wawili wakiwa na udongo mkavu na vijiwe 64 wanaweza kuchimba mashimo na kucheza kama walivyocheza babu zao. Simu ikiukosea mchezo, mchezo wenyewe ungaliko. Kwa hiyo omweso wa simu hautupi hofu. Wa kuhofiwa ni uvivu wetu wenyewe, tukiacha kuwafundisha watoto ule wa ardhini.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Basi wazazi, mnapoombwa kununua mchezo uliofufuliwa, pimeni mambo manne.

Kwanza, ulizeni ni mashine gani itakayouchezesha. San Andreas ya mwaka 2021 haichezeki katika PlayStation 2. Ombi la mchezo mmoja huweza kugeuka ombi la mashine nzima, na ada ya shule haingoji.

Pili, ngojeni. Mchezo wa video uliotoka kwa kasoro mara nyingi husahihishwa baadaye, na bei hushuka. Aliyenunua siku ya kwanza ndiye aliyelipia kasoro.

Tatu, msitupe wa zamani. Mashine kuukuu na santuri zake zikitunzwa vizuri, zikafunikwa vumbi lisiingie, huwapa watoto nafasi ya kulinganisha wenyewe, na huo ni mwanzo wa kufikiri.

Nne, tazameni umri uliowekewa mchezo. San Andreas, wa kale na mpya, ulitengenezwa kwa watu wazima, na picha safi hazikuufanya uwafae watoto.

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Walisema pia kwamba ya kale ni dhahabu. Methali hizi hazigombani kwa mtu mwenye kupima. Mchezo uliofufuliwa huushinda wa kwanza pale mfufuaji alipoijua roho yake na kuiacha salama. Huushusha hadhi pale alipoona sura tu. Na kwa vyovyote vile, wa kwanza na uachwe hai, ili atakayekuja baada yetu naye apate kuhukumu.